UZI: Vina na mizani ni vya watu wasio na meza ya kuandikia (kutoka Mtwara)

Binti Vigaeni (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jukwaa, nimeona kule kwenye uzi mwingine watu wanabishana kwamba vina (zile silabi za mwisho zinazofanana kwenye shairi) na mizani (hesabu ya silabi kwenye mstari) ni mambo ya kizamani, ni pingu, mtu wa sasa aandike anavyojisikia basi. Nikataka kujibu kule kule nikaona litakua refu, nikaona bora nifungue wangu. Mwenye haraka apite tu simlaumu.

Mi sio msomi wa fasihi, nina steshenari hapa Mtwara mjini, napiga fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nakata picha za pasipoti, jioni nafunga naenda kupika. Msimu wa korosho napanda gari naenda Nanyamba kwenye shamba la familia. Kutunga ni kitu nakipenda tu, hakuna alienituma.

Sasa hoja yangu ni hii, na sijaona mtu akiisema. Wanaosema vina na mizani ni pingu wengi wao wana meza. Wana muda wa kuandika mstari wakaufuta wakaurudia tena. Mi mikono yangu muda wote imeshika kitu, kama sio karatasi iliyokwama kwenye mashine basi ni mwiko. Ukiwa na mizani nane nusu hii ya mstari na nane nusu ile, na kina kinakusubiri pale mwisho, unatunga kichwani, mshororo (yaani mstari) ukikaa sawa unaukariri hapo hapo unashuka wa pili, karatasi utaitafuta usiku. Kina ndio kinakushikia mstari usidondoke. Shairi huru, lile lisilofata vina na mizani, nimejaribu sana kulibeba hivyo likanishinda, ukifika katikati ule mstari wa kwanza umeshaondoka, unajua tu ulikua mzuri.

Mfano. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga mi nilikua natoka Dar na maboksi yangu ya karatasi na wino. Aisee basi limesimama, malori mbele malori nyuma, wamama wa pale wanapita na mihogo ya kuchemsha na bei inapanda kila wakirudi, simu imezima, pawabenki imezima, jirani yangu wa siti ni mzee mmoja kakaa kimya anaangalia maji tu. Nikaanza kutunga kuhusu ile barabara. Nilikua nanong'ona bila kujua, mzee akageuka akaniambia binti hicho kina chako cha kati umekibadilisha kwenye mshororo wa tatu. Tukaanza hapo, mi natoa mshororo yeye anakosoa, mpaka ikafika mahali watu wa siti za nyuma wanaitikia kituo (ule mstari wa mwisho wa ubeti) kwa pamoja na konda naye anaitikia. Nilivofika nyumbani niliandika beti zote kwa mkupuo, hakuna hata uliopotea. Hebu niambieni, ningekua naandika ile mistari mifupi mifupi ya kushuka kama ngazi, nani angeitikia nini?

Na vitu vya kutungia viko hapa hapa. Watu wanasubiri mapenzi yawaumize ndio waandike, sisi huku kuna ubwiriunga bwana. Wasioujua ni ugonjwa wa mikorosho, unakuja na ile baridi ya asubuhi wakati maua yanatoka, unaona unga mweupe kwenye maua, usipopulizia salfa mapema msimu umeondoka nao. Huu niliutungia kwenye bodaboda nikiwa naenda kumpelekea kaka yangu petroli ya mashine ya kupulizia:

*Juni ukungu washuka, ubwiri wanyemelea,*
*Mashine tumejitwika, salfa kupulizia,*
*Macho yanabubujika, koo linatuwashia,*
*Na bei haijafika, mnada tunangojea.*

Sio wa ajabu najua. Ila kaka aliushika kwa kuusikia mara moja, na wiki inayofuata nikausikia kwa mtu mwingine kabisa kijiweni, kabadilisha maneno mawili. Nilifurahi kuliko laiki zote nilizowahi kupata.

---

Binti Vigaeni

Naendelea, bandiko la kwanza lilikua refu.

Mtu atauliza nilijifunza wapi. Shuleni kidogo, ukwapi na utao (nusu ya kwanza ya mstari na nusu ya pili) na mshororo, mwalimu anatuchapia vidole kwenye dawati tuhesabu. Lakini masikio yalishafunguliwa kabla, na bibi. Wanawake wa huku mnanielewa, nyimbo za unyago zinavyokwenda, mmoja anatoa wengine wanapokea, na lile la kupokea halibadiliki hata akitoa maneno gani. Nilivokuja kukutana na kituo kwenye shairi nikasema kumbe hiki nakijua. Nyimbo zenyewe siandiki humu na msiniombe inbox, zina mahali pake na wenyewe.

Kuna kipindi nilikua nablogi. Mwanzoni nilianza kwa kuona wenzetu walivofungua njia, kina Ndesanjo Macha waliokua wanablogi kwa Kiswahili tangu 2004, Michuzi akafata 2005 na mapicha yake, ikawa kila mtu anaona anaweza. Mi nilichelewa sana, ila nikafungua yangu ya bure, nikawa naweka shairi na chini yake maelezo kidogo ya siku ilivokua. Nikagundua kitu cha kuchekesha, watu wanasoma maelezo shairi wanaruka. Bandiko langu lililosomwa kuliko yote lilikua la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, jinsi ya kuichagua sokoni na kuichemsha, watu wa Kusini walioko mikoani huko walikua wanalia kwenye komenti. Mashairi yangu yote ukiyajumlisha hayakufikia ming'oko.

Halafu ikaja 2018, kanuni za maudhui mtandaoni, mwenye blogu alipie ombi laki moja, leseni milioni moja na kila mwaka milioni moja nyingine. Kwa steshenari ya mashine mbili. Nikafunga, na tulifunga wengi. Kanuni zilikuja kubadilishwa baadae lakini mi moto ulishazimika. Mwaka huo huo ndio ule wa korosho kununuliwa na serikali kwa 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kubeba, yaani ulikua na mambo ya kutunga mpaka basi na mi sina pa kuyaweka. Nikawa narekodi sauti kwenye simu natuma kwenye magrupu ya familia. Na hapo ndipo nikaanza kuona kwamba shairi lililokua linarukwa likiandikwa, likisemwa linasikilizwa mpaka mwisho na linapelekwa mbele. Kwahiyo sijui nimshukuru nani.

---

Mzee wa Kitunda

Binti, salaam kutoka Lindi. Mimi naandika kwa msaada wa mjukuu, macho hayasomi vizuri. Nimefurahi sana. Hayo unayosema ya kubeba shairi kichwani ndivyo tulivyokuta. Sisi tulikuwa tunavuka na mtumbwi kutoka Kitunda kuja Lindi mjini, mtu mmoja anaanza mpaka mnafika ng'ambo bado mnajibizana.

Vijana wa Lindi hawajui kwamba utenzi wa vita vya Majimaji ulitungwa na mtu wa hapa hapa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini. Vita vilianza 1905 kule Umatumbi, yeye akavieleza kwa utenzi, mizani nane nane. Ulikuja kuchapwa na Wazungu, lakini utenzi ni kitu cha kughani, watu wamekaa wanasikiliza. Mwenye kusoma mmoja, wenye kusikia kijiji kizima.

Sasa nakujibu, maana ubeti haukai peke yake:

*Mnada ukishafika, makato yanaingia,*
*Ushuru ukishatoka, usafiri wafatia,*
*Pesa unayoishika, mkononi yapotea,*
*Ndugu yangu ukicheka, ni kicheko cha udhia.*

---

Binti Vigaeni

Shikamoo babu! Dah huo mshororo wa mwisho umenimaliza. Naomba ruhusa niupeleke kwenye grupu la nyumbani, nitasema ni wa babu wa Kitunda.

---

mwl_wa_zamu

Dada hongera, ila mimi nafundisha Kiswahili sekondari siwezi kunyamaza. "Salfa kupulizia" ina mizani saba. Sal-fa ni mbili, kupulizia tano. Umepungukiwa.

---

Binti Vigaeni

Mwalimu shikamoo, nilijua utakuja hapo hapo. Lile "l" limesimama peke yake, linahesabiwa, sa-l-fa. Unavyowafundisha wanafunzi "labda" ni la-b-da au sio? Na "maktaba" ma-k-ta-ba. Na ukitaka ushahidi zaidi njoo umsikilize kaka yangu anavyolitamka akiwa na ile mashine mgongoni, ni tatu kamili.

---

mwl_wa_zamu

Haha sawa, nimekubali, kwenye labda umenikamata. Sheikh Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mashairi tangu 1954, watu bado wanaziogopa kama mtihani wa necta, kumbe ukizisoma taratibu ni kama unavyosema, ni mtu aliyekuwa na sikio anaeleza sikio lake linavyosikia. Shida yetu walimu tunaanza na majina, tathlitha, tarbia, takhmisa (beti za mishororo mitatu, minne, mitano), mtoto anakariri majina kabla hajasikia shairi hata moja likisomwa. Darasani kwangu hakuna hata redio. Zamani watu walikuwa na kipindi cha Malenga Wetu redioni, mtu anakua anasikia mashairi anakula chakula cha usiku.

---

lulu_ya_masasi

Shikamooni wote. Anti mi naomba nipinge kidogo na usinikasirikie, mi ndio hao unaowasema na sina meza pia, naandikia kwenye simu nikiwa foleni ya maji 😂

Huku Masasi maji yakikata unakaa na ndoo saa ngapi hata hujui. Niliandika hii:

*maji yamegoma*
*ndoo inanitazama*
*nami naitazama*
*hakuna anayeanza kusema*

Sasa hapo ningeweka mizani kumi na sita ningeijaza maneno ya nini? Kuna siku kitu kinakuja kifupi. Ukikilazimisha vina kinakua kirefu kwa sababu tu kina kinadai. Mi nikisoma mashairi ya vina mengi nahisi mtu alishamaliza kusema mshororo wa pili, ile miwili mingine ni kujaza ubeti.

Na hiyo vita ilishapiganwa zamani, Kezilahabi alitoa kitabu chake cha mashairi huru, Kichomi, 1974 wakamsema weee kwamba sio mashairi, leo yanasomwa mpaka vyuoni. Na tena huyo mtu wa utenzi wa Lindi mnayemsifia sawa, lakini Ebrahim Hussein si kazaliwa Kilwa, mkoa huo huo wa Lindi, 1943? Mwenzenu wa Kusini kabisa, na yeye aliandika mashairi huru pamoja na tamthilia zake. Kwahiyo Lindi imetoa pande zote mbili, msituibie 😂

---

Kusini Kwetu

Lulu kapiga bao. Anti jibu.

---

Binti Vigaeni

Marahaba mwanangu. Nilifunga dukani nikaja kukaa vizuri nikujibu maana umenigusa.

Kwanza hiyo ndoo nimeipenda kweli, sio ile ya kusifu mtoto. Nimeisoma nikacheka halafu nikanyamaza. Na la kujaza ubeti umesema ukweli ambao wazee hawapendi kuusikia, mi mwenyewe nasoma mashairi mengine naona kabisa hapa jamaa kamaliza hoja na bado anadaiwa mishororo miwili, anaanza "enyi ndugu sikieni" na "haya nayowaambia". Mashairi ya hivyo ni mengi, tena mengi mno, na ndiyo yanayotuharibia jina.

Ila angalia mistari yako. Yamegoma, inanitazama, naitazama, kusema. Yote imeishia na "ma". Hukupanga? Sikio lako ndilo lililopanga, na ndio maana nimeweza kuisema tena dukani bila kuangalia simu, nimemwambia mteja aliyekuja kulaminisha cheti akacheka akasema hiyo ni ya Newala sio Masasi, kule juu ndio maji hadithi. Kwahiyo wewe unasema umeacha kina na kina kimekufata mpaka kwenye foleni.

Hussein nakubali, ni wetu, hamuibiwi mtu. Ila na yeye kazi zake kubwa ni za jukwaani, mtu anasimama anasema na watu wanasikiliza. Hapo mi na wewe hatugombani. Mi ninaowapinga ni wale wanaoandika kitu ambacho hata wao hawawezi kukitoa mdomoni, maneno mazito yamepangwa, ukimwambia hebu kisome kwa sauti anaona aibu.

Halafu sijasema kila shairi lazima libebwe kichwani. Nimesema mi siwezi kubeba. Wewe una simu yenye chaji na vidole vya haraka, mi nina wino mikononi.

---

lulu_ya_masasi

Anti hiyo ya "ma" sikuiona wallahi. Sasa unaniharibia, nikiandika tena nitakua nasikiliza.

---

chuma_ulete

Nimesoma yote hii. Swali langu moja tu, hela iko wapi? Maana naona watu wanajibizana usiku wa manane kuhusu salfa.

---

Binti Vigaeni

Hela haipo ndugu yangu, naomba nikueleze vizuri usije ukaacha kazi.

Hapa dukani kazi za kutunga zinakuja kila siku. Kuna walimu, mwenge ukikaribia kupita wanakuja mbio, dada tunaomba ngonjera ya wanafunzi, ya mazingira, ya rushwa, ya malaria, kesho kutwa saa nne. Kuna shairi la kumuaga mkuu wa shule anayestaafu ambapo wanakupa jina lake na kijiji alichozaliwa, na sifa zake ni "alikuwa mkali lakini ana upendo", wote duniani wanaostaafu walikua wakali lakini wana upendo. Kuna la harusi, la kipaimara, la maulidi, kuna kijana alitaka la kumrudisha mchumba na akataka liwe na jina la binti kushuka chini herufi kwa herufi. Huyo nilimfanyia. Sijui kama alirudi.

Nachaji kuchapa na kuprinti, kurasa kwa bei ya kawaida. Kutunga sichaji. Sio kwamba ni mwema sana, nilishajaribu kuchaji. Mtu akishatoa elfu tano anaanza kukaa juu ya kichwa chako, hapa weka jina la mheshimiwa, hapa ongeza kwamba kamati imejitahidi, hapa toa hili la choo cha shule halifai kusemwa mbele ya mgeni rasmi. Likitoka hapo sio shairi tena ni risala yenye vina. Bila hela naandika choo, wakikataa wanatafuta mtu mwingine, na huwa hawatafuti kwa sababu ni kesho kutwa saa nne. Kuna shule ngonjera yangu ilisomwa na choo chake ndani, watoto wakaitikia kwa nguvu kweli kweli. Choo kama kilijengwa mi sijafatilia.

Soda huwa napewa. Msimu wa korosho naletewa mabibo ndoo nzima mpaka nagawa mtaa mzima.

---

mwl_wa_zamu

Mimi ni mmoja wa wanaokuja kesho kutwa saa nne. Samahani dada 😂

---

Mzee wa Kitunda

Mwalimu, hizo ngonjera mshairi Mathias Mnyampala alizisukuma ili watu wajibizane, huyu auliza huyu ajibu, mpaka wakubaliane. Siku hizi naona watoto wanasimama mstari mmoja wote wanasema jambo moja kwa kumsifu mgeni. Hakuna anayeuliza. Mkimpa binti kazi mpeni nafasi aweke muulizaji.

---

Binti Vigaeni

Babu hilo nalichukua. Ngonjera ya mwakani itakua na mtoto mmoja mbishi.

---

boda_wa_nanyamba

Aisee kumbe ule ubeti wa salfa ni wako? Mi ndo nilikubeba siku hiyo, nikawa najiuliza huyu dada anaongea na nani nyuma huko. Nimekua naupiga kijiweni kama wangu naomba radhi. Na mi nimejaribu kuendeleza kwa vina vile vile, msinicheke:

*Karani mzani kaweka, kilo mbili zapungua,*
*Gunia limefungika, ghalani linaingia,*
*Karatasi naishika, tumboni haijatua,*
*Mama watoto kachoka, sufuria yangojea.*

---

Mzee wa Kitunda

Tumboni haijatua! Kijana huyu apewe kofia.

---

Binti Vigaeni

Kumbe mwizi wa mashairi ni wewe, nauli ya kwenda mwezi ujao ni bure basi tumemalizana 😂 Ubeti umesimama vizuri sana na hiyo sufuria ningeitunga mimi ningejisifu mwaka mzima. Ila mshororo wa kwanza, ukwapi, hesabu kwa vidole: ka-ra-ni-m-za-ni-ka-we-ka. Tisa. Rekebisha kabla mwalimu hajaamka.

---

boda_wa_nanyamba

Nimehesabu nikiwa na abiria nyuma, kweli tisa. Basi namtoa karani, iwe "Mzani ameuweka, kilo mbili zapungua". Nani ameuweka wala sina haja ya kumtaja, kijiweni wote wanamjua.